Korongo wa Nevena Hakuhifadhiwa

Alhamisi, 2 Machi
Vishikwambi vimefika. Mwalimu mkuu, Bi Gergana, ametangaza: kila mtoto atengeneze filamu fupi, itumwe kwa mama yake tarehe 8, sikukuu ya akina mama. Haya. Kupiga picha unagusa kioo, lakini kuhifadhi au kufuta — kamera inatazama kichwa chako! Iliwekwa hivyo kwa ajili ya mtoto wa shule nyingine asiyetumia mikono, na nywila ya kuibadilisha anayo fundi Plamen, mjini. Hapokei simu.

Jumatatu, 6 Machi
Nevena. Tangu mama yake aende Italia kutunza wazee, hajatoa neno darasani. Miezi mitano. Leo kafinyanga korongo, kamfunga mguuni uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule tunaouvaa mpaka korongo warudi, kampiga picha hatua kwa hatua. Kisha kajificha nyuma ya makoti na kumpa sauti. "Mimi nimesharudi. Wewe bado?"
Nimelia. Nimejifanya nina mafua.
Kwenye kioo likatokea swali: Tuhifadhi? Watoto wote wakakubali. Filamu zote zikafutika. Zote! Nevena alitazama kioo kitupu, akafunga mdomo, basi.

Jumanne, 7 Machi
Plamen kapokea. Anasema programu ni nzima, eti sisi ndio tunaikatalia. Nikakata simu kwa hasira, nikawauliza watoto kama wako tayari kuanza upya. Wakatikisa vichwa, kulia kushoto, kama sisi sote tunavyokubali tangu utotoni.
Nikaketi. Kwa waliotengeneza kidude hiki, kutikisa ni hapana. Kukubali ni kuinamisha. Mimi Mbulgaria mzima, mwalimu wa miaka ishirini, sikuliona!
Mchana kutwa tumefanya mazoezi ya kukubali kigeni. Dimo, mdomo mrefu, kauliza: "Mwalimu, bibi akiniuliza kama nimeshiba, nimjibu kikwetu au kikishikwambi?" Darasa likaangua kicheko. Nevena hakucheka. Hakumgusa korongo. Nimerudi nyumbani nimechoka na kila kitu chenye kioo.

Jumatano, 8 Machi
Nevena kaja mapema, kabla ya wenzake. Kamrekebisha korongo bawa, kapiga picha zote upya. Sauti pia. Safari hii hakujificha, kasema mbele yangu, taratibu.
Tuhifadhi?
Nikamuuliza kijinga, mazoea tu: "Mama aione?" Nikaona kichwa kinaanza kwenda kulia. Nimeruka! Kiganja changu juu ya kamera, kiti chini. Sijui kama kishikwambi kimewahi kuona. Swali bado liko pale, kwa hiyo labda hakikuona.
Nikamwambia basi, nitainamisha mimi, tumalize.
"Usiguse, Mwalimu," kasema. "Ni mama yangu. Naitikia mwenyewe."
Kasema! Kwangu mimi, si kwa korongo.
Sasa yuko ukumbini, mbele ya kioo cha kujitazamia, anajifunza. Namwona kupitia mlango: anainamisha, anainamisha, kisha anasahau na kutikisa. Anaanza tena. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umefunika kamera na umekufa ganzi. Betri inawaka nyekundu. Dimo kaingia na maua ya kumpa mama yake, anauliza kama Nevena yuko tayari.
Nimekaza shingo, nisije nikatikisa. Nevena anakuja