Kitaa Chekundu cha Bo-ram

Jumatatu, 7 Novemba

Bo-ram ameanza kurekodi! Albamu yake mwenyewe, katika chumba cha juu ya duka langu la kimchi, kabichi ya kuchachusha. Spika hatumii — gitaa analichomeka moja kwa moja kwenye priampu, kile kisanduku cha studio kinachokuza sauti kabla haijaingia kwenye kompyuta. Nilikaa pembeni nikasikia nyuzi tu, kama panya anaguguna karatasi. Utamu wote uko kwenye hedifoni. Akanivisha. Wimbo wa taratibu, wa kubembeleza. Nikalia. Binti yangu huyo! Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 9 Novemba

Kabichi zimefika. Mal-sun muuza tofu ya soya alikuja kunisaidia kuzitia chumvi, nikampandisha juu asikilize. Akavua hedifoni upesi. Eti, Mama Bo-ram, mbona inakwaruza kama redio iliyotumbukia chooni? Nikamwambia hiyo ndiyo staili ya sasa, mwanao wewe anapiga nini zaidi ya honi? Akacheka. Hakuvaa tena.

Kweli ilikwaruza. Juzi haikuwa hivyo.

Ijumaa, 11 Novemba

Cheol-gyu, mpiga besi wa bendi yao wa miaka yote, amenieleza. Kisanduku kina kitaa chekundu. Kikiwaka, sauti imeingia kwa nguvu mno, inachanika, na iliyochanika haishoneki. Bo-ram amekibandika plasta. Kinamkera macho, anasema. Leo kapandisha tena kile kitufe cha kuongeza sauti.

Nilimwita kula. Nikaita tena — kanipa mgongo tu. Nikajiambia ni hedifoni.

Hedifoni zilikuwa mezani.

Jumamosi, 12 Novemba

Cheol-gyu amekuja dukani, hakununua kitu. Akasimama tu. "Mama, Bo-ram masikio yanamwishia. La kushoto limeshakufa. La kulia linafuata." Daktari alimwambia tangu masika, naye akatuficha sote. Ndiyo maana ya haraka hii.

Anasema nyimbo zote za wiki hii zimechanika. Akiambiwa sasa, atawahi kurudia kabla sikio halijafunga. Cheol-gyu mwenyewe alijaribu kumwambia, akafukuzwa. Amebaki mama.

Na mimi soko zima nimeshalitangazia! Hata leo, machozi hayajakauka, nimemwambia mteja kwamba mwanangu atasikika redioni.

Jumapili, 13 Novemba

Ameniita juu. Amemaliza ule wa kubembeleza, anasema hajawahi kupiga vizuri hivi. Kanivisha hedifoni mwenyewe, kaniweka nywele sawa, kaketi mbele yangu.

Umechanika wote. Mwanzo mpaka mwisho. Na chini ya mikwaruzo, vidole vyake — navijua — vinapita polepole, havikosei hata mahali pamoja.

"Mama, ni safi?"

Ananitazama mdomo. Siku zote hizi anautazama mdomo wangu, nami nikidhani anapenda hadithi zangu.

Nimesingizia sufuria jikoni. Nimeshuka, naandika huku mikono inanuka kitunguu saumu. Nikisema ni safi, atacheka leo. Nikisema kweli —

Ngazi zinalia. Anakuja. Anauliza tena, kwa sauti kubwa mno, na mlango bado umefungwa, mdomo wangu hawezi kuuona.