Ego ya Kusikia

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ungekuwepo ungeniambia ninywe maji kwanza. Nimekunywa. Hazijashuka. Kwenye daftari la hoteli moja pale Kasulu kuna mstari umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mteja wa chumba namba sita amekiri kulikalia sinki." Mteja huyo ni Mama. Mkeo, ambaye hata kiti cha wageni anakikalia ukingoni, ameandikwa kwamba amekalia sinki.

Nianze mwanzo, maana hukupenda habari inayoanzia katikati. Macho ya Mama yamezidi kuingia ukungu tangu ulipotuacha. Nikatoka Dodoma kuja kumchukua nyumbani Kitahana, tukaenda Kasulu tulale huko ili asubuhi awahi kliniki ya macho. Tulipanga pale wanapopaita hoteli. Wewe ungepaita gesti, tena ya kawaida. Kulipokucha Mama akaingia bafuni kunawa uso. Sakafu ilikuwa na maji, akashika sinki asianguke, nalo likang'oka ukutani na kupasuka vipande viwili. Nilimkuta amesimama, kipande kimoja amekikumbatia, anatafuta pa kukiweka.

Mama hakuumia, namshukuru Mungu. Nikatazama ukuta. Skrubu zilikuwa mbili tu, zimekazwa kwenye vijiti vya kuchonga, na plasta ya pale ilikuwa na kiraka cha zamani chenye rangi tofauti na ukuta. Lile sinki lilikwishaanguka kabla yetu, na aliyelirudisha alilirudisha kwa kumwachia Mungu. Nikasema nivae, nishuke mapokezi, niwaeleze. Nilidhani ni jambo la dakika tano.

Kumbe wakati navaa, dada wa mapokezi alikuwa amesikia kishindo, akaja, akamchukua Mama hadi kaunta kumhoji. Huyo dada si wa huku. Kwa Kiha alikuwa na neno moja tu, "ego", na aliyemfundisha alimwambia ni "ndiyo", basi. Akamuuliza Mama kwa Kiswahili kama ni yeye aliyekuwa bafuni. Ego. Sinki limevunjika? Ego. Alilikalia? Ego. Akaandika.

Najua hapo umecheka. Ego hiyo hiyo ndiyo iliyokupa mke, na kabla ya kukupa mke ilikuaibisha.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia tukipukuchua maharage, Mama pembeni anajifanya ana shughuli nyingine. Wewe mwalimu kijana wa Tanga uliyepangiwa Kitahana, unaendesha baiskeli hadi Busunzu kwa ajili ya binti uliyemwona sokoni mara moja. Ukamkuta shambani anapanda, ukamwaga Kiswahili chako chote cha pwani, na kila ulipovuta pumzi yeye akasema "ego". Ukarudi unapiga kengele ya baiskeli njia nzima. Ukaandika barua nyumbani, baba yako mdogo akafunga safari kuja na posa, na mbele ya wazee wa Busunzu binti akaulizwa kama kweli alikubali. Akasema, "Nilikuwa namsikia." Baba mdogo alirudi Tanga hakugusa hata ugali wao.

Wewe ukarudi shambani. Ukakaa kwenye tuta, ukamngoja amalize mistari yake, ndipo ukamuuliza upya: "Ego yako ni ya kusikia au ya kukubali?" Ulisema alichukua muda mrefu hata ukadhani amekusahau pale ulipokaa. Halafu akajibu. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na ego mbili, na hukuwahi kumuuliza Mama jambo zito mara moja. Habari ya chumvi uliuliza mara moja. Shamba, ng'ombe, mimi kwenda kusoma mbali, uliuliza mara mbili, na katikati ulinyamaza.

Niliposhuka mapokezi nilimweleza meneja haya yote, si kwa utulivu huu. Alinisikiliza huku anasoma simu yake. Nikamwomba apande akaone vile vijiti ukutani, akasema hayo ya ukuta ni ya fundi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu aliambiwa na ngazi hakupanda. Alitaka bei ya sinki jipya na ya kulifunga. Akanigeuzia daftari, akaweka kidole juu ya neno.

"Dada, hapa imeandikwa amekiri. Kukiri ni kukiri."

Nikamwambia basi amuulize tena. Akasema nimuulize mimi.

Hapo ndipo nilipoharibu, Baba. Nilimgeukia Mama mbele ya watu, nikamwambia kwa sauti ya juu, "Mama, sema hukulikalia." Akanielekezea yale macho yake, akasema, "Ego."

Meneja akacheka. Nami badala ya kumgeukia meneja, nikampigia kelele Mama. Nikamwambia kila kitu ego, ego, mpaka lini. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa hela ya kliniki, akaiweka kaunta, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Wakaipokea. Ulikuwa ukisema hasira hasara. Yangu ameilipia yeye. Nilikuwa na hela mkobani, niliikatalia kwa sababu nilitaka kushinda. Nilipomfuata kumwambia twende kliniki, nitalipa mimi, akasema anataka nyumbani.

Tukapanda basi la Kibondo bila kumwona daktari. Tulipokaribia Busunzu ndipo nilipomuuliza, taratibu, kwa Kiha, ile ego ya mapokezi ilikuwa ipi. Akakaa kimya mpaka tukapita mashamba ya kwao.

"Ya kusikia," akasema. "Yule binti aliongea mbio, nikawa namfuata. Wewe ukaongea mbio kuliko yeye."

Kisha akasema, "Baba yako angeuliza mara ya pili."

Bado nina hasira na meneja. Jumatatu tunarudi Kasulu, kwanza kliniki, halafu mapokezi, na siondoki mpaka ule mstari ufutwe. Hela wabaki nayo wakitaka. Na wewe pia nimekukasirikia, maana ulimuuliza Mama wewe mwenyewe maisha yote, sisi watoto tukabaki hatujui kuuliza.

Hapana, hapo nakuonea. Siku ya mwisho uliniambia, nimekaa ukingoni mwa kitanda chako, "Mama yako usimharakishe. Muulize mara mbili." Nikakujibu "ego". Nilikuwa nimeinamia simu, natafuta basi la kunirudisha kazini, na usingizi ukakuchukua kabla hujaniuliza ilikuwa ipi.

Ilikuwa ya kusikia, Baba.

Pumzika kwa amani. Lakini kabla hujapumzika, niulize tena.

Binti yako mkubwa