Pendi ya Sigor

Chebet mjukuu wangu,

Huku Sigor tuko wazima, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Asante kwa kuniuliza, unapoandika filamu yako ya ujana wetu wa roki, kama niliwahi kuona haya jukwaani.

Niliona. Siku ya kwanza nilishika maikrofoni nikasema, "Sisi ni pendi ya Sigor!" Watu wakacheka kwa sababu, kwa lafudhi ya kwetu, sikusema bendi. Nikaanza kushuka. Baba yangu, mzee wa kanisa ambaye hakutaka kabisa niimbe na magitaa, akasimama katikati yao akapaza sauti: "Pendi, pigeni!"

Tukapiga. Namshukuru hadi leo.

Sasa huyo msichana atakayeigiza kama mimi, tafadhali usimrekebishe. Mwache aseme pendi.

Ni mimi nyanya yako, Kogo.