Aliyetoka Pangoni kwa Miguu Yake

Wamekubali, Baba Rahma! Wamekubali! Mdudu wa pangoni kwenu Makunduchi ni mbali na wa msituni ni mbali, na aliyewatenganisha ni mwanao Rahma, huyu huyu uliyekuwa ukimfunga viatu!

Assalaam alaykum, mume wangu. Nisamehe, nimepiga kelele kabla ya salamu. Lakini ungekuwapo ungepiga kelele kunishinda. Sasa nimebaki peke yangu kuutangazia mtaa, na sikuruka mlango hata mmoja.

Nyumbani pamebadilika kidogo. Ukuta wa uani uliokuwa ukimwaga chokaa tumeukandika upya. Kiti chako hakikaliwi na mtu ila paka. Nkipika pweza, mkono bado unapima wa watu watatu, halafu nakumbuka. Basi. Tuyaache hayo, leo si siku yake.

Unawakumbuka wale wa chooni, wenye kijimwili kama punje ya mtama na miguu mirefu kama nyuzi? Mimi nlikuwa nkiwafagia, wewe unanizuia: "Waache, Mama Rahma, hao si buibui, hawatandi hata uzi." Na Rahma mdogo kachuchumaa, anakodoa. Ndio hao hao aliokwenda kuwasomea chuo kikuu. Mimi wa darasa la saba nimezaa mtaalamu wa miguu minane! Nani mwengine mtaa wetu wa Malindi mzima anaye?

Sasa sikiliza. Ndugu zao wa msituni na wa pangoni kwenu ukiwaweka pamoja ni kama vikombe vya seti moja, na wataalamu waliwaita jina moja tangu hapo. Rahma hakuridhika. Akachukua vipande vya miguu, vikapelekwa maabara kusomwa vinasaba, yaani ile habari ya ukoo iliyomo ndani ya mwili. Majibu yakasema hawa hawajachanganya damu tangu zamani mno, pengine tangu Unguja haijazungukwa na bahari. Nliposikia hivyo nlikaa chini. Sisi tunajitapa wenyeji kwa kumjua babu wa babu, kumbe chooni mwetu mna watu wa tangu hapo!

Lakini wakubwa wanaopitisha kazi hizo wakamjibu: vinasaba peke yake havitutoshi, tuonyeshe na tofauti ya mwili. Na tofauti hiyo iko kwa madume tu. Wapi? Naona haya kukuandikia. Pale pale unapopafikiria. Kila aina ina umbo lake, na haionekani ila kwa darubini. Bi Salama wa jirani aliniuliza mbele ya wanawake, "Haya, mwanao anawatambua kwa nini?" Nkamjibu, "Kwa elimu, bibi," nkamwongeza kahawa.

Na Rahma dume la pangoni hana. Alikuwa na majike matupu, aliowaokota ukutani kwa dada yako, karibu na pango. Bila dume kazi yote inaanguka, na mdudu wa kwenu anabaki na jina la mwenziwe. Mtoto alikuwa hali akashiba.

Ndipo tukamwendea dada yako, Bi Mize, maana pango lile la mzimu mwangalizi wake sasa ni yeye. Unamjua dada yako. Rahma akapiga magoti, shikamoo shangazi, akaeleza shida yake. Bi Mize akasema, "Cha pangoni hakitolewi. Hata kijiwe." Mimi nlishafungua mdomo, Rahma akanibana mkono. Yeye akainamisha kichwa tu. Dada yako akatafuna tambuu yake, akamtazama mtoto wa nduguye, mwisho akasema kwa Kikae chake cha Makunduchi, nami nakuandikia kwa cha mjini: "Cha ndani hakitolewi. Kinachotoka chenyewe kwa miguu yake, mimi ntakizuiaje?"

Tukavua viatu tukakaa nje, mdomoni mwa pango, wanawake watatu, mvua ya vuli inatunyunyizia. Rahma anakodolea giza la ndani. Mimi nasoma kila dua niijuayo, na ya kumwombea mdudu sikufundishwa. Mara wakaanza kutoka. Taratibu, mmoja mmoja, wanapapasa jiwe bichi kwa miguu yao mirefu kama kipofu na fimbo yake. Bi Mize mwenyewe akatandika pembe ya kanga yake chini. Mmoja akapanda. "Huyu kaja mwenyewe," akasema. "Mchukue."

Alikuwa dume, Baba Rahma.

Chuoni Rahma akaniinamisha kwenye darubini. Nlidhani ntacheka kwa haya. Nkalia. Kitu kidogo kuliko ncha ya sindano, kina vijiba, yaani vijimiiba, vimepangwa kama vitundu vya kofia ya kushona! Akaniwekea na cha wa msituni: ushonaji mwengine kabisa. Subhanallah. Kazi kama ile, imefichwa gizani asipoiona mtu, hata wenyewe hawaioni. Nkamuuliza Rahma, amechorewa nani uzuri wote huu? Akasema, "Hatujui, mama." Mtoto aliyesoma kiasi kile! Nkampenda zaidi.

Na juzi ndiyo yamekuja majibu ya wakubwa. Ni wawili. Basi.

Utauliza jina. Mimi nlilitaka lako, na watu nlishawaambia. Rahma akasema hapana, huyu ataitwa kwa jina la shangazi aliyemtandikia kanga. Bi Mize akaruka: "Nizeeke nije kuitwa mdudu!" Tangu hapo anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza kama jina limeandikwa sawasawa.

Pumzika, mume wangu, Mungu akutilie nuru huko uliko. Nakuahidi mwanao hatavimba kichwa. Kujisifu aniachie mimi. Na nakuahidi hitma yako itatangulia, kisha darubini itawekwa uani, na hatainama mtu kabla ya dada yako. Makunduchi wanakuja na kizee na kitoto, mtaa unakuja, walimu wake wanakuja. Ni Ijumaa hii, baada ya sala.