Beseni Liliponyamaza

Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya magari,
mlango uleule wa kijani.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Wifi yangu,

Kwanza nipokee, nimekuja na salamu mikono yote miwili. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimeachia, au bado unakunywa maji ya barafu kwa siri? Sisi huku tunapumua, hatuna neno. Kaka yako mzima, bado anaendesha lile gari la barafu, na akirudi jioni viganja vyake ni baridi kama chupa. Mdogo ameota meno mawili ya chini na ananing'ata bila haya. Mkubwa wake, Chiriku, hajanyamaza tangu siku ile ulipoondoka. Mwandiko wangu unaujua, kuku amekanyaga wino, basi soma polepole. Watoto wamelala na leo nina mengi.

Barua yako ya mwezi uliopita tuliipata, na jibu letu unalo. Kaka yako aliisoma kwa sauti, maana maneno marefu hunichelewesha. Ulisema mwisho wa mwezi huu utakuja na gari umchukue Baba, ukamweke kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu na kazini kwako, kwa kuwa hapa hali chakula, hatoki chumbani, na tangu macho yafungike kabisa amekuwa kama mtu anayengoja kuitwa. Ukatuuliza kama tunakubali. Kaka yako alisema ndiyo huku anatazama miguu yake. Na mimi nikasema ndiyo. Wifi, sikusema kwa kumchoka, Mungu ananiona. Vijiko vitatu vya uji kwa siku havimshikilii mtu mzima, na nilikuwa naogopa siku moja nitapeleka kikombe nikute hahitaji tena.

Sasa sikiliza la Alhamisi. Nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unamkumbuka Mlingoti, yule mrefu ambaye Baba alimfundisha kushika kisu, na sasa ndiye mpishi mkuu pale hotelini? Kaka yako huwapelekea barafu. Asubuhi ile Mlingoti akampa boksi, akamwambia, "Mpelekee mwalimu wangu. Nimesikia amegoma kula, na mimi naona ni kama ananitukana." Kaka yako akalileta mbio, akalitua mlangoni, akarudi kazini.

Nikafungua. Juu kulikuwa na vipande viwili vya steki, vinene kama kandambili zilizobebana, na siagi kwenye karatasi. Chini ya gunia bichi kulikuwa na viumbe viwili, hai.

Kamba koche, Wifi! Siyo wale kamba wadogo tunaowajua. Kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mgongo wote miiba, masharubu marefu kama fimbo, na macho yamesimama juu ya vijiti yakinitazama kama tumewahi kuonana. Rangi yao ni ya ukindu mzee, kijani na kahawia na madoa. Nilikaa chini sakafuni. Sikujua Mungu alikuwa na muda wa kutengeneza kitu chenye kazi nyingi hivyo kisha akakificha baharini.

Chiriku akaniuliza, "Mama, hawa ni wadudu au watu?"

"Ni chakula."

"Chakula hakina macho," akasema, akajificha nyuma ya sketi yangu.

Nikaenda chumbani kwa Baba. Alikuwa ameugeukia ukuta, kama kawaida. Nikamwambia Mlingoti ameleta kamba koche na steki. Akasema, "Wapikie watoto," basi.

Nilikuwa na mashati thelathini ya duka la dobi yananingoja pasi, nikaona nitapika kaka yako akirudi. Lakini wale viumbe nikawaonea huruma. Wametolewa baharini, wamefungwa kwenye boksi, midomo imekauka. Nikachukua lile beseni la bluu la kumwogeshea mtoto, nikalijaza maji ya bomba, masafi, nikawatia humo. Nikajisifu moyoni kabisa. Wakawa wanakwaruza plastiki, krr, krr, na mimi napiga pasi, na mdogo mgongoni anasinzia kwa ile sauti.

Shati la tisa au la kumi, Baba akaita.

"Mama Chiriku! Wale wageni mbona wamenyamaza?"

"Wamelala, Baba. Nimewatilia maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Masafi kabisa."

Wifi, nikasikia kitanda kinalia. Pazia likavutwa. Baba huyo, fulana ameivaa nje ndani, mkono mmoja ukutani, mwingine unatafuta hewa mbele yake. Miezi miwili hajalivuka pazia lile bila kushikwa, na sasa anakuja mbio mbio kama mtu aliyesikia harufu ya kuungua.

"Umewazamisha! Kiumbe wa maji ya chumvi unamtia maji matamu! Ni sawa nikukamate kichwa nikuchovye ndooni nikwambie pumua!"

"Sikujua, Baba!" Nikaanza kulia, jitu zima.

"Ungejua ningekuwa bado nimelala," akasema. Akapiga magoti, akaingiza mikono kwenye beseni. Aliwapapasa polepole, chini ya tumbo, kwenye maungio ya miguu, kama daktari. "Huyu ameshakwenda, sasa hivi tu. Huyu mwenzake anaaga. Wakiingia motoni saa hii ni chakula. Tukimngoja mumeo ni taka. Chomoa pasi. Weka maji jikoni, mengi."

Nikasema sina sufuria la kuwatosha. "Kaazime!" Nikateremka mbio kwa fundi cherehani wa chini. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia Baba anapika. Alibaki na pini zake mdomoni, akanionyesha sufuria kwa kidole.

Maji yalipochemka Baba akasema tia chumvi, uonje, yawe kama machozi. Machozi nilikuwa nayo karibu, nikalinganisha. Yakawa sawasawa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewatumbukiza, ameshika mgongoni kwa taulo, kichwa kwanza. Akafunika. Akahesabu kwa kugonga kidole kwenye ukingo wa meza, hakuna saa hakuna nini. Mimi sijawahi kuona mtu anahesabu kwa utulivu namna ile. Kisha akasema funua uniambie.

Nikafunua. Wifi yangu, wamegeuka! Ule ukindu mzee wote umeondoka, wamekuwa wekundu, wanawaka, mpaka masharubu. Hakuna rangi iliyotiwa, ni maji na chumvi tu. Ule wekundu ulikuwa mle ndani muda wote.

"Ni wekundu, Baba," nikasema.

"Wekundu gani? Wekundu upo wa namna nyingi."

Chiriku amepanda juu ya kiti, anachungulia. Akapiga kelele, "Kama mdomo wa shangazi kwenye picha!"

Ile picha yako ya ukutani, uliyopaka rangi ya mdomo. Baba akasimama tu, taulo mkononi. Halafu akacheka. Kile kicheko chake cha kifuani, kama gari linalowaka baada ya kusukumwa. Mara ya mwisho nilikisikia bado anasoma mwenyewe vibao vya barabarani. Akasema, "Basi wameiva."

Akataka kisu. Hapo moyo ulinipasuka. Nilikumbuka ulivyovifunga visu vyake kwenye kitambaa siku macho yalipokwisha, ukaondoka navyo asije akajikata, na sote tukasema umefanya vema. Nikampa kisu changu cha vitunguu. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Hiki ni kijiko." Lakini akakitumia. Akamlaza kamba, akatafuta mstari wa katikati ya mgongo kwa kidole, akasimamisha kisu, akagonga mara moja kwa kiganja. Paa! Nusu kulia, nusu kushoto, mkato umenyooka kama umepigwa rula. Mimi mwenye macho mawili mazima, kila siku najikata nikimenya viazi.

Steki niliipika mimi, na yeye akaisikiliza. Ndiyo, Wifi, kuisikiliza. Akaniambia niifute ikauke, niikoleze chumvi, kikaango kiwe cha moto mpaka niogope. Nikailaza. Ikalia. Nikataka kuigeuza, akasema, "Iache! Hiyo bado ni mvua kubwa juu ya bati." Nikangoja. "Sasa mvua inakatika. Sikia. Yamebaki matone. Geuza!" Nikageuza, na chini ilikuwa kahawia kama kiatu kipya kilichopigwa rangi, kila mahali sawa. Alikuwa amesimama mbali, karibu na mlango, ameinamisha kichwa.

Kujua kama ndani imeiva, akanyoosha kiganja chake, akanambia niguse ile nyama ya chini ya kidole gumba, kisha niguse steki, nione kama zinafanana ulaini. Nikasita. Mkwe na mkwe, unajua tena. Akasema, "Jikoni hakuna mkwe. Kuna mpishi na msaidizi wake. Gusa." Nikagusa. Ngozi ngumu, imejaa makovu ya moto, na chini yake laini. Nikagusa nyama. Zilikuwa sawa.

Akanikataza kuikata. "Nyama ikitoka motoni ni kama mama aliyetoka kujifungua. Iache ipumzike." Nikamjibu, "Mimi sikupumzika, Baba." Akasema, "Nakumbuka. Tulikosea."

Wale kamba tukawamalizia kwa siagi, kitunguu saumu na limau, nyumba nzima ikanukia mpaka mafundi wa karakana wakatoa vichwa chini ya magari. Nikaondoa mashati kwenye meza ya pasi, nikatandika shuka jeupe. Nikapakua.

Baba akachukua sahani yake, akapapasa mpaka kwenye sinki, akasimama pale, ameupa ukuta mgongo, tayari kula.

"Baba, njoo ukae."

"Nimezoea."

Miaka thelathini na minane ya jikoni hotelini, Wifi. Akaniambia hajawahi kula kamba koche mzima. Alikuwa anaonja mchuzi kwa ncha ya kidole, anapeleka sahani kwenye dirisha la wahudumu, na chakula chake mwenyewe anakula amesimama karibu na sinki, chochote kilichobaki. Je, wewe ulijua? Sisi tulidhani amekula vinono vyote vya dunia, ndiyo maana uji wetu unamshinda.

Chiriku ndiye aliyemshika kidole, akamvuta. "Babu, leo wewe ni mteja. Wateja wanakaa."

Akakaa. Nikamkatia kipande, nikakiweka kwenye uma. Alitafuna huku ameinua uso, polepole sana, na sote tulinyamaza, hata Chiriku. Nilikuwa nauangalia ule uso kama mtu anavyoangalia jua likichomoza. Akameza. 

"Chumvi imepungua kidogo," akasema. Kisha akala kamba nusu, na nusu ya pili, na steki, na mkate aliofutia siagi, akaomba maji.

Kaka yako alirudi akamkuta Baba mezani, mdomo unang'aa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kisha akaenda kunawa uso.

Hapo ndipo Baba alipotuambia kwamba barua yako aliisikia. Pazia si ukuta. Alikuwa anajua siku, anajua gari, anajua kwamba sote tumesema ndiyo. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba naye moyoni alikuwa amekubali, kwa sababu mpishi asiyeona alijiona ni mzigo tu. "Lakini leo mwenye macho ndiye aliyezamisha kamba," akasema, akanigeukia. Nilistahili.

Ijumaa nilipoamka nikamkuta jikoni. Amehamisha sufuria zangu zote, sioni kitu, na yeye anaona kila kitu. Tulipika maharage. Maharage tu, Wifi, na alisimama juu yake kama yamekuja na ndege. Jana alikula sahani mbili. Leo amemfundisha Chiriku kumenya kitunguu saumu, na sasa amelala, lakini ameligeukia dirisha.

Sikuamulii. Wewe ndiye binti yake, mimi nimekuja tu kwa mlango wa ndoa. Macho hayatarudi, na ninajua siku mbaya zitakuwapo. Ila nilikuandikia ndiyo yangu mwezi uliopita, na leo naiomba unirudishie. Nilimuuliza Baba kama kuna neno nikuwekee. Akasema, "Mwambie aje mwisho wa mwezi, kama alivyopanga. Ila aje kula, asije kunibeba. Na aje na visu vyangu."

Msalimie shemeji, msalimie jirani yako muuguzi aliyetutumia dawa ya meno ya mtoto. Kaka yako anakusalimu, Chiriku anakusalimu mara kumi, mdogo anakung'ata. Mungu akulinde barabarani na kazini, akuzidishie afya, akufikishe kwetu salama ukiwa na njaa.

Ni mimi, wifi yako akupendaye bila kupima,
Mama Chiriku

Nimesahau. Baba ameamka, anasema kile kisu cha mpini mweusi ukifunge peke yake kwenye kitambaa. Hakipendi kugusana na wenzake.