Kwa Mama Saodah binti Lazim, Aliyeyaweka Sawa Maji ya Pilipili

Mwaka umezunguka, Mama, tangu Ijumaa ile ulipotangulia mbele ya haki. Sufuria yako kubwa bado imefunikwa jikoni. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuibandika motoni.

Watu wa hapa Beseri walikujua kwa laksa yako, tambi za mchuzi mchachu wa samaki, uliyoiuza kando ya barabara kuelekea mjini. Ulikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mwanafunzi aliyekaa peke yake aliongezewa samaki bila kuambiwa, na mgeni hakuondoka bila kuulizwa kwao ni wapi. Baba Darus alikuwa akinung'unika, "Mama Khairil, huruma yako itatumaliza." Nawe ukamsogezea bakuli: "Kula kwanza, mzee. Utalalamika ukishiba."

Lakini sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa maji.

Khairil, kifungua mimba wako, alirudi kutoka Penang kiwanda kilipopunguza watu. Alikuja na mkewe Rosnani na wajukuu wako, Aqil na Maisara. Nyuma ya nyumba akapanga mifuko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, akapanda pilipili na kuvuta mipira ya kumwagilia kwa matone. Hukusema sana, ila tuliona. Ulianza kuimba ukisafisha samaki, jambo ambalo hukuwa umelifanya kwa miaka.

Pilipili zikakataa. Majani machanga yalijikunja, ya chini yakageuka njano. Khairil alijua kwamba makumbi hayana lishe yao, kwa hiyo mzizi hunywa kile tu kilichomo majini. Alijua pia kwamba kisima chetu, chini ya vilima vya mawe ya chokaa, hutoa maji yenye pH ya juu mno, yaani yasiyo na uchachu wa kutosha. Kila asubuhi aliyatia asidi mpaka kipimo kisome chini kidogo ya sita, kama inavyotakiwa, kisha akatia mbolea na kufungulia mipira. Kipimo kilisema sawa. Mimea ilisema hapana.

Jirani yetu, Mjomba Bidin, akaja kuegemea uzio. "Khairil, hizo ni pilipili au umetupandia manjano?"

"Manjano, Mjomba. Nikivuna nitakuletea ujipake, labda utapata mke wa pili."

Alitania, lakini moyo ulikuwa umekwisha kukata tamaa. Wiki ile alimpigia simu msimamizi wake wa zamani, akaambiwa kuna nafasi katika kiwanda kingine, na malazi ni ya wanaume watupu. Alikubali kuondoka baada ya Idi. Rosnani na watoto wangebaki hapa, na baba yao wangemwona sikukuu hadi sikukuu. Habari hiyo ulipewa ukiwa unachambua miiba ya samaki. Ukaendelea kuchambua.

Asubuhi iliyofuata ulibeba kigoda chako, ukakaa karibu na tangi, ukamtazama mwanao kama unavyomtazama bi harusi anayepika kwa mara ya kwanza ukweni.

"Mbona uchachu unatangulia?" ukamuuliza.

"Maji yana chokaa, Mama. Lazima niyashushe kwanza."

"Na hiyo mbolea, yenyewe haina uchachu wake?"

Khairil akautazama mfuko wa mbolea.

"Mimi nikitia asam ya kuchachusha kwenye maji matupu, nikaonja, nikasema tayari, halafu ndiyo niweke samaki na viungo, laksa hiyo utaila?"

"Mama, hii si laksa."

"Najua si laksa. Laksa yangu watu huipangia foleni. Haya, pima tena, sasa mbolea imekwisha kuingia."

Alipima. Kipimo kilikuwa kimeshuka karibu na nne. Miezi yote ile alikuwa akiyapima maji kabla hayajawa chakula, kisha akayaacha yazidi kuchachuka bila yeye kujua.

Hukumcheka, Mama. Hilo ndilo tunalolistaajabia mpaka leo, maana ulimi wako ulikuwa na makali ukitaka. Ulimwambia tu, "Haraka ya kutaka kufanya vizuri nayo ni haraka," ukamtuma akalete ndoo nyingine.

Mlikwenda pamoja kwa bwana shamba kuhakikisha. Naye akasema, "Lakini Khairil, haya si niliyaeleza siku ya mafunzo?" Ukamwahi, "Siku hiyo mwanangu alinipeleka kliniki, akafika mmekwisha kula. Mweleze tena, nami nisikie." Akaeleza, nawe ukasikiliza kuliko yeye. Mbolea kwanza, ikorogwe, maji yaachwe yatulie, yapimwe. Asidi iingie kidogo kidogo, tena ni asidi inayotiwa kwenye maji, wala si maji kwenye asidi. Kisha kupima upya. Na yale yanayochuruzika chini ya mfuko nayo yapimwe, kwa kuwa makumbi hayasahau upesi yaliyonyweshwa jana.

Hayo ya kuchuruzika uliyakinga kwa mabakuli yako ya laksa, Rosnani akalalamika kwamba sasa hatujui bakuli lipi la mtu na lipi la pilipili. Kila siku ulikaa kwenye kigoda chako, ushungi umefungwa kisogoni, wewe na Khairil mkiosha mifuko kwa maji yaliyochanganywa sawasawa. Kipimo kilipopanda kidogo kidogo, ulikuwa wa kwanza kukisoma na wa mwisho kukiamini.

Majani mapya yakafunguka yamenyooka. Kabla ya Idi maua yakaonekana. Khairil akamwomba yule msimamizi amngoje kidogo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nivune."

Akavuna, akapanda tena. Vijana wengine waliorudi kutoka mijini wakaanza kuja na maji yao kwenye chupa, nawe ukiwafundisha huku ukiwalisha.

Siku tulipokuzika, Mjomba Bidin alimkuta Khairil kwenye tangi, bado amevaa saruni ya mazishini.

"Leo pumzika, mwanangu. Nitamwagilia mimi."

"Njoo tusaidiane, Mjomba. Mama angesema mimea haijui msiba."

Mwezi huu wamempigia tena kutoka Penang. Safari hii ni cheo cha juu na nyumba ya familia. Alisimama mlangoni akisikiliza kwa muda mrefu. Rosnani aliacha kukunja nguo. Maisara akamzuia kaka yake asipige kelele. Kisha Khairil akasema, kwa upole uleule wako, "Nakushukuru sana, kaka. Mtafute mwingine. Mimi niko nyumbani." Akaweka simu mezani, akatoka nje, kwa sababu maji yalikuwa yametulia na saa ya kuyapima imefika.

Hitima yako itasomwa nyumbani Alhamisi hii baada ya sala ya Isha. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mumeo Darus, wanao Khairil na Husnina, mkweo Rosnani, wajukuu zako Aqil na Maisara, jirani yako Bidin, na wote waliokula mkononi mwako. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Maadamu tuko hai, Mama, hutasahaulika.