Mashine ya Barafu Juu ya Meza Yangu

Nkuhungu, Dodoma
14 Julai

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua cha baridi ya Juni kimeshakuachia. Mama naye anaendeleaje na macho? Mtama mmemaliza kupura? Huku mimi sijambo, nakula, nalala, kazini naenda.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho. Kaka Erick aliporudi huko Mvumi alikusimulia kwamba nimenunua mashine ya kutengeneza barafu, nawe ukauliza mbele ya watu, mtu anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja anaifanyia nini. Una haki ya kuuliza, na nitakujibu. Ila niache nianze na mashine yenyewe, kwa kuwa najivunia jinsi nilivyoipata.

Tangu mwaka jana nilikuwa nahitaji barafu kila jioni. Nilikuwa nanunua ya mifuko dukani kwa Mbwana, bonge gumu la kuvunja kwa mchi. Umeme ukikatika mchana, jioni Mbwana hana kitu, narudi mikono mitupu. Nikafikiria friji. Mama mwenye nyumba wetu, Mama Emiliana, alikataa kwa upole: wapangaji sita tunatumia mita moja ya LUKU, na friji inakula umeme usiku na mchana, akiniruhusu mimi, kesho wote watano watataka. Na kweli, hata angeniruhusu, ningeiweka wapi? Kitanda, jiko la gesi, ndoo za maji na meza, chumba kimeisha.

Ndipo Edina wa ofisini akaniambia kuna mashine ndogo za kukaa mezani. Jumamosi nikapima meza yangu kwa futi ya fundi cherehani, nikaandika vipimo kwenye kiganja, nikaenda mjini. Muuzaji, Bwana Hashimu, alinionyesha kwanza moja kubwa inayong'aa, ya kuunganishwa na bomba. Nikamwambia bomba letu liko uani. Ya pili ilikuwa ya kujaza maji kwa jagi, lakini nilipoipima ilimeza meza nzima mpaka ukutani, naye mwenyewe akakiri kwamba mashine hizi hutoa hewa ya moto ubavuni, zikibanwa hazifanyi kazi vizuri. Ya tatu ilikuwa fupi, pana kidogo kuliko ndoo ya lita kumi. Niliomba iwashwe palepale. Wateja wawili wakacheka. Sikuondoka. Tukatia maji, tukasimama tukiisikiliza. Mngurumo wake haukuzidi wa feni, na dakika ya nane vikadondoka vipande tisa, vina tundu katikati. Wale waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kuomba kuonja!

Bwana Hashimu hakunificha ubaya wake: haihifadhi ubaridi kama friji, barafu usipoitumia inayeyuka na kurudi kwenye tangi. Kwangu hilo halikuwa tatizo, mimi nataka barafu ya saa ileile, nikimaliza nachomoa waya. Aliniasa pia nisiitie maji yetu ya kisima yenye chumvi. Naitilia maji ya kunywa, na kila Jumapili naiosha kwa ndimu.

Mama Emiliana alikuja kuikagua mwenyewe. Akasoma LUKU, akakaa kitandani kwangu saa nzima huku mashine ikifanya kazi, akaenda kusoma tena. Nikamsikia anapaza sauti uani: "Jamani, kumbe inakula kidogo kuliko pasi yangu!" Wapangaji wote wakatoka. Siku hizi wananigongea na vikombe vyao vya juisi.

Sasa jibu lako, Baba. Barafu hiyo ni ya goti langu.

Unakumbuka nilivyoanguka kwenye mbio za shule za mkoa, miaka mitano iliyopita, goti likavimba kama boga. Ulikaa kando ya kitanda changu hospitalini siku kumi na moja, na ya mwisho ukaniomba niape kwamba sitakimbia tena. Niliapa. Nimekivunja kiapo hicho. Mwaka jana nilikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi. Cecilia. Akalipima goti, akasema limepona, ila misuli imelala. Akanipangia kukimbia kidogo kidogo, na kila nikirudi niliwekee barafu dakika kumi na tano, bila kuruka hata siku moja. Ndiyo maana sikuweza kumtegemea Mbwana.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mbio za kilomita kumi hapa jijini. Nilikimbia. Kwenye kilomita ya nane kuna mlima, na wanawake wawili walikuwa mbele yangu. Nilisubiri goti liniume. Halikuuma. Niliwapita wote wawili kabla ya kufika juu, nikateremka upepo ukinipiga usoni, sioni mgongo wa mwanamke yeyote. Baba, nimekuwa wa kwanza! Nilikata utepe nikilia, na asubuhi yake goti halikuwa na uvimbe hata kidogo.

Nisamehe kwa kukuficha mwaka mzima. Hilo linaniuma kweli. Ila kuhusu kukimbia, siwezi kukudanganya kwamba najuta. Erick hajui lolote, usimkemee.

Msalimie sana Mama, mwambie nakuja mwisho wa mwezi kumpeleka kwa daktari wa macho. Shangazi Priska na majirani wote wape salamu zangu za mbukwenyi. Nawe Baba, mwezi Septemba nitakimbia tena, Singida. Nakuomba uje usimame pale tunapomalizia, uvae lile koti lako jekundu la Krismasi, nikuone tangu mbali.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Brightness Daudi Matonya